Kufuli la Mzee Mipaka

"Imeingia!" Kelvin alipayuka kabla hata pikipiki haijasimama. "Oya, imeingia usiku wa kuamkia leo!"

"Mvua?" Ngusa aliinuka nusu kutoka kwenye benchi. Ngusa ana ng'ombe huko Magamba, na hakuna habari nyingine duniani anayoisubiri.

"Mvua gani wewe! Nchi. Nchi imeingia ndani ya nchi nyingine. Vifaru, helikopta, wanajeshi, wote wamo."

Kelvin ni bodaboda, na kijiweni wanamwita Breki kwa sababu pikipiki yake haina. Aliishika simu mbali na uso akajaribu kusoma majina ya hizo nchi mbili, yakamshinda. Yote mawili yalikaa kama majina ya dawa za minyoo. Kijiwe kikaamua: iliyoingia iitwe Kubwa, iliyoingiwa iitwe Ndogo, na mjadala uanze.

"Na hiyo Kubwa inasemaje?" aliuliza Arcade, fundi cherehani, uzi ukiwa mdomoni.

"Inasema haijavamia. Imealikwa."

Hapo Dafrosa, muuza kahawa, akamimina kahawa nje ya kikombe.

Alikuwa na sababu. Asubuhi ile, alipokwenda kumwaga majivu nyuma ya fremu, alisikia mtu akimwita kutoka upande wa pili wa ukuta. Alikuwa Scolastica, mke wa Mzee Telesfori. Binti yao Upendo alikuwa amejifungua huko Mwese, uzazi wa kwanza, na hakuwa na wa kumkanda wala kumchemshia uji. Mama alikuwa ameshafunga kanga zake tangu jana. Mzee akasema haendi mtu. Akafunga geti kwa mnyororo na kufuli, ufunguo akautia kwenye mfuko wa shati, akaja zake barazani kunywa kahawa.

"Dafrosa mdogo wangu," Scolastica alisema, "nitoe."

Dafrosa hakuitisha kikao. Aliazima nyundo kwa fundi baiskeli, akazunguka uchochoro wa nyuma. Kufuli lenyewe lilikuwa la bei chee, halikubisha sana. Na mtaa ule una mafundi wa mageti na vitanda vya chuma kila kona. Nani angejali mlio wa nyundo moja ya ziada? Sasa hivi Scolastica alikuwa nyuma ya pikipiki ya kijana mmoja anayeitwa Lyamba, anapanda vilima vya Mwese, na mumewe alikuwa hapa hapa kwenye kiti chake cha kukunja, hana habari.

Tatizo ni kwamba baraza ni la mzee. Fremu ni za mzee. Jiko la Dafrosa, linalomlisha yeye na wanawe, limekaa pale kwa hisani ya mzee. Akijua mapema, atakodi gari amrudishe mkewe kutoka njiani. Akijua baadaye, Dafrosa atafute pengine pa kuwashia mkaa. Dafrosa alishachagua baadaye. Kazi yake leo ilikuwa moja: mzee asiinuke kwenye kile kiti.

"Imealikwa!" Mzee Telesfori alicheka kwa dharau. Mtaa mzima wanamwita Mzee Mipaka, maana hana shamba lisilozungushiwa minyaa, na hata barazani amechora mstari wa rangi nyekundu, jiko lisivuke. "Imealikwa na nani? Hilo ndilo swali. Nchi ina mwenyewe. Mwenyewe asipoalika, huo ni uvamizi. Imo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya pili. Mpaka wa mwenzio usiuguse. Kwisha."

"Mzee, hiyo ibara umesoma wapi?" Kelvin alimchokoza.

"Nasikiliza redio tangu wewe hujazaliwa."

Kila aliposema "mwenyewe" alipapasa mfuko wa shati. Dafrosa aliuona ufunguo umechora umbo lake kwenye kitambaa. Kwa kawaida siasa zikianza yeye huwaambia wazipeleke kilabuni kwenye pombe. Leo aliuongezea mjadala kuni.

"Lakini mzee, mwenyewe wa nchi ni nani? Aliyeshika mamlaka, au waliomo ndani?"

"Aliyeshika mamlaka."

"Hata kama waliomo ndani wanalia?"

"Watoto wangu walilia miaka yote na hakuna jeshi lililokuja."

Ngusa alipiga paja, Kisukuma kikamtoka. "Bhebhe! Kwetu huwezi kusema hivyo. Kwetu mtu akipiga mwano, lile yowe la hatari, unatoka. Ulikuwa unakula, unatoka. Uko chooni, unatoka hivyo hivyo ulivyo. Usipotoka, kesho sungusungu wanakufuata, unalipa faini. Hatuulizi nani kaalika nani!"

"Ndiyo maana ng'ombe wenu wanaingia kwenye mahindi ya watu bila kualikwa!"

Kijiwe kiliangua kicheko. Wote walijua kidonda hicho. Ng'ombe wa Msukuma mwingine walikula mahindi ya mzee kule Kasokola, na kabla hasira hazijapoa, Upendo akaolewa na Malale, mtoto wa mwenye ng'ombe. Mzee akatangaza kwamba ndoa ile yeye haitambui. Mwaka sasa.

"Ng'ombe hawajasaini mkataba, mzee," Ngusa alijitetea.

"Na waliosaini ndio wanaoingia na vifaru," alisema Arcade.

Kelvin aliteremsha kidole kwenye simu. "Subirini, kuna nyingine. Kubwa inasema pia ilikuwa inajihami. Eti Ndogo ilikuwa na mpango wa kuishambulia huko mbeleni."

"Huko mbeleni lini?"

"Hawajasema."

"Sasa hiyo ni sawa na wewe Breki umpige abiria leo," alisema Ngusa, "kwa sababu kesho atapanda pikipiki ya Lyamba."

Dafrosa alishtuka kusikia jina la Lyamba, akajifanya anapuliza mkaa.

"Na Umoja wa Mataifa wamesemaje?"

"Wamesikitishwa sana."

"Sana tu?"

"Hapa wameandika sana sana."

"Basi Ndogo imekwisha," Ngusa aliamua. "Mtu akikusikitikia mara mbili ujue haji."

Walicheka wote isipokuwa Arcade. Arcade alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wake walitoka Burundi kwa miguu. Aliutoa uzi mdomoni taratibu.

"Baba yangu alivuka mpaka kambeba dada yangu mgongoni," alisema. "Huko nyuma nyumba inaungua. Wakubwa wote wakasema hatuwezi kuingilia, hayo ni mambo ya ndani. Mambo ya ndani, mzee. Watu wetu ndio walikuwa hayo mambo, na walikuwa ndani."

Hata Kelvin aliishusha simu.

"Pole, Arcade," alisema Mzee Mipaka, na alimaanisha. "Lakini nisikilize. Ukimfungulia mlango huyu anayekuja kuokoa watu, kesho anachimba dhahabu yako. Nani hapa Mpanda hajamwona mtu anakuja kutusaidia, na sururu begani?"

"Hapo mzee kagonga," alikubali Ngusa, na benchi zima likatikisa vichwa, maana wamewaona wengi.

Mjadala ukazunguka hivyo mpaka jua likasimama utosini. Ndipo mzee akatazama juu, akajinyoosha, akaanza kukunja kiti.

"Ngoja nikale. Nyumbani leo kuna migebuka."

Dafrosa aliwahi kikaangoni. Alichota sahani ya mihogo ya kukaanga, akairundikia kachumbari, akaiweka mapajani mwa mzee kabla hajainuka sawasawa.

"Kaa, mzee wangu. Leo mihogo ni yangu."

"Bure?" Kelvin aliruka. "Dafrosa? Yule yule aliyetaka nilipie maji ya kunawa?"

"Huu ni msaada wa kibinadamu. Wewe haukuhusu."

Mzee aliinusa sahani kama mtu anayenusa mkataba. "Msaada usio na masharti haupo. Sema."

"Sharti ni moja tu, utujibu. Mwenye nchi kawafungia watu wake ndani. Jirani anasikia wanamwita. Afanye nini?"

"Aandike barua." Mzee aling'ata muhogo. "Barua ipelekwe kwenye kikao. Wakubwa wakae, wasikilize pande zote, watoe azimio."

"Na yule aliyefungiwa?"

"Asubiri azimio."

"Anaye mgonjwa wa kumuuguza."

"Asubiri haraka haraka."

Hapo simu ya Kelvin ikaita. Ile simu spika ya sikioni ilishakufa, kwa hiyo kila anayempigia Kelvin huwa anahutubia mkutano wa hadhara.

"Breki!" Sauti ya Lyamba ilitoka na upepo wa milimani. "Tumefika Mwese! Mwambie Dafrosa mzigo umefika salama! Mama Upendo kambeba mjukuu, analia, anacheka, mpaka mimi nikatoka nje! Halafu mwambie ule mnyororo niliuacha pale pale getini, na kufuli alilovunja liko chini ya..."

Kelvin alibonyeza kila kitufe. Kioo cha simu kilikuwa na nyufa, hakikumtii. Lyamba aliendelea kueleza habari za kufuli mpaka mtandao wa vilimani ukamhurumia Kelvin na kukata.

Mzee Mipaka aliutoa ufunguo mfukoni. Akautazama. Sahani ya mihogo iliteleza ikasimama kwenye goti lake, na hakuna aliyethubutu kuishika.

"Ni wa kiume au wa kike?" aliuliza hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya ibara ya pili.

"Hayo, mzee," alisema Arcade, "ni mambo ya ndani ya Mwese."

Benchi lilipasuka kwa kicheko. Ngusa alicheka mpaka akakohoa, Kelvin akashika nguzo.

"Kwanza ile ndoa si hujaitambua?" Kelvin alimalizia. "Huwezi kuulizia mtoto wa nchi usiyoitambua. Utaratibu haukubali!"

Ingekuwa heri wasingecheka. Kile kicheko ndicho kilichomnyanyua mzee, na aliponyanyuka sauti yake kubwa ilikuwa imesharudi.

"Dafrosa. Umevunja geti langu."

"Kufuli, mzee. Geti ni zima."

"Nani alikutuma?"

"Aliyekuwa ndani."

"Mwenye nyumba ni mimi!"

"Na Mama Upendo ni nani, kabati?"

"Usinichanganye na maneno! Mtoto mdogo kama wewe unaingia kwenye nyumba ya mtu, unampangia mkewe safari?" Alinyoosha kidole kwenye jiko. "Utaomba msamaha hapa hapa, mbele ya hawa waliocheka. Ama hilo jiko liondoke barazani kwangu leo hii."

Kicheko kilikauka. Dafrosa aliwageukia watu wa benchi, mmoja mmoja.

"Dada yangu," Ngusa alianza kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, "si neno moja tu? Sema samahani, tuendelee na kahawa."

"Ngusa, mtu alipiga mwano. Nikatoka. Hebu waambie anayelipa faini ni nani."

"Ile ni sheria ya kwetu. Hapa mimi mgeni."

"Miaka yote hii unakunywa kahawa yangu, leo umekuwa mgeni? Breki?"

"Mimi nimesikitika sana, Dafrosa."

"Sana sana?"

"Sana sana."

"Haya, nimekuelewa. Arcade?"

Arcade alifungua mdomo. Macho yake yakaenda kwenye cherehani, ambayo nayo ilikaa barazani kwa mzee, hatua chache tu kutoka kwenye jiko, na ina watoto inaowalisha nyumbani. Mdomo ukafungwa. Akaurudisha uzi mahali pake. Dafrosa hakumlaumu. Hata yeye, huko nyuma, alishasikia wengine wakilia kwenye nyumba za watu akaongeza sauti ya redio.

Alianza kufungasha. Vikombe kwenye ndoo, kashata kwenye kopo, sukari juu. Kahawa ya mwisho kwenye birika alimmiminia mzee, maana alikuwa mteja na alikuwa bado hajamaliza mihogo. Mzee aliipokea kwa mazoea, kisha akabaki ameishika, hajui kama mtu anaweza kunywa kahawa ya adui.

"Mimi si mtu mbaya," alisema, taratibu sasa, karibu amnong'oneze. "Mjukuu nampenda, hata sijamwona. Neno moja, Dafrosa. Ukishalisema nalisahau lote, na jiko linabaki. Si unaona hawa wote wananitazama?"

Dafrosa alimwelewa. Alikuwa anaombwa kwa adabu amrudishie mtu heshima yake, na neno lenyewe halikuwa zito, watu hulisema wakikanyagana sokoni. Lakini Scolastica siku moja atarudi kupitia lile geti. Atakuta limefungwa na kufuli jipya, na atakuta mtaa mzima umeshajua kwamba anayemfungulia mtu huja baadaye kuomba radhi hadharani. Siku hiyo akiita juu ya ukuta, nani atazunguka uchochoro?

Alilikamata jiko kwa vitambaa viwili, makaa yakiwa bado mekundu, akalinyanyua.

"Kufuli nitakununulia, mzee, tena zuri kuliko lile," alisema. "Msamaha siombi."