Malalamiko Kuhusu Uwanja wa Gofu Uliombakiza Mke Wangu Kisiwani

Mpui, Sumbawanga

Kwa Meneja wa Hoteli ya Kisiwani

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na unaota jua. Huku Mpui tunavaa masweta. Mimi ni Fabiani, baba wa mpishi wako Lydia, aliyetualika mimi na mama yake, Bertilla, tupumzike wiki moja hotelini kwako. Nimerudi peke yangu. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nyasi. Uwanja wako wa gofu ni mdogo, lakini ungelisha ng'ombe wangu wote sita. Nilimuuliza Abuu, mtunza uwanja, "Mifugo mnaifunga wapi?" Akajibu, "Hatuna, mzee. Tunakata, tunatupa."

2. Mashimo. Yapo tisa, yamechimbwa vizuri, na ndani hamna kitu! Kwetu shimo likishachimbwa linasubiri mbegu. Kesho yake asubuhi, kwa moyo safi, nikaanza na la tisa: punje tatu za mahindi, udongo juu, nikashindilia kwa kisigino. Mengine ningeyamalizia baada ya chai. Sikudai hata asante.

3. Mke wangu. Asubuhi ileile, bila kuniambia, Bertilla alikuwa ameingia mashindano ya wageni. Huyu amepura ulezi miaka thelathini. Mkono wake unajua kupiga. Aliwaacha wote nyuma. Mpira wake wa mwisho ukaviringika taratibu mpaka shimo la tisa, ukapita juu ya mahindi yangu, ukaendelea na safari. Akashindwa kwa pigo moja na mzee mmoja mstaafu wa benki. Aliponiona nina udongo viganjani hakugomba. Alisema tu, "Baba Lydia, wewe tangulia. Mimi nabaki mpaka turudie mchezo na huyu mstaafu." Afadhali angegomba.

4. Madhara. Hii ni wiki ya tatu. Ugali wangu chini umeungua, juu mbichi. Kanisani Mama Emerensiana wa kwaya aliniuliza kwa sauti mke wangu yuko wapi. Nikasema anacheza gofu. Katekista akanivuta pembeni, akanisihi nisifanye utani katika nyumba ya ibada.

5. Kwa hiyo naomba uwanja ulimwe, upandwe maharage, na Bertilla arejeshwe kabla ya palizi. Ukikataa, nitaiandikia wizara. Wizara ikinyamaza, nitamwandikia mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunyamaza.

Nisalimie Lydia, Abuu, jiko zima, na yule mstaafu pia, ila yeye kwa kifupi.

Wako katika upweke na masufuria machafu,

Fabiani

N.B. Nilikuwa nimeshaibandika bahasha, Lydia akapiga simu. Mama yake ameshinda! Kwa mapigo manne! Zawadi ni wiki nyingine hapo kwa watu wawili, na amesema wa pili ni mimi. Tafadhali usilime kitu. Ng'ombe nimemwachia jirani, nafika Ijumaa. Naomba kujua: fimbo za gofu za mkono wa kushoto mnazo?