Zulia la Mita Sitini Ufukweni Rumonge

Ijulikane kwa wote wanaohusika na wasiohusika: kuanzia Jumamosi, Rumonge itaonekana, na dunia isiseme haikuambiwa. Ndivyo lilivyotamka tangazo la Kamisheni ya Mwonekano, chini ya saini ya prezida wake, Bwana Karoli. Kamisheni ilikuwa imethibitisha kwamba hatua moja ya msanii maarufu juu ya zulia jekundu huvuta macho elfu. Mita sitini zingetosha dunia nzima, na macho mengine yangebaki kwa ajili ya Minago, mji jirani.

Karoli mwenyewe alitaka kitu kimoja: picha akiwa kando ya msanii, ili wakubwa wa Bujumbura waijue sura yake. Kwa miaka miwili walikuwa wakimwita "yule wa huko ziwani".

Zulia likatandikwa alfajiri ufukweni, mahali peupe penye jua. Msanii, Joanita, alitarajiwa saa mbili. Saa nne gari lake lilikuwa bado limekwama njiani, na Karoli akaondoka kwenda kumpokea kwa itifaki.

Waliporudi saa saba, zulia lilikuwa rangi ya fedha. Ndagala, samaki wadogo wa ziwani, mwanzo hadi mwisho.

"Mama Kulthumu," Karoli alimwambia mwanamke aliyekuwa akizigeuza, "hii ni itifaki."

"Iko inakauka vizuri, Bwana Prezida. Kwa hii tapi yenu nyekundu hakuna muchanga. Wateja watapumzisha meno."

"Ziondoeni."

"Tuziweke wapi zikiwa mbichi? Zikioza utazila wewe?"

Karoli aligeuka kumwomba msanii radhi. Joanita alikuwa amekwisha kuvua viatu, amechuchumaa kando ya Kulthumu, anageuza ndagala.

"Hivi, shangazi?"

"Polepole, mwanangu. Zigeuze, usizikoroge."

Kamera za wapiga picha waliofuatana na msanii zilikuwa zikilia kama mvua kwenye mabati. Karoli aliona umaarufu unampita, akainua mguu akanyage zulia.

"Viatu, baba," alisema Kulthumu. "Hicho ni chakula cha watu."

Akavua. Kulthumu akamtwisha beseni la ndagala. "Shika hii, simama karibu naye. Utaonekana."

Akaonekana. Kufika jioni, picha ilikuwa katika kila simu, Nyanza-Lac hadi Bujumbura.

Jumatatu Karoli alivaa suti, akapanda kwenda ofisi kuu Bujumbura kupeleka ripoti ya ushindi. Mlinzi wa mlangoni alimtazama, uso ukamchangamka.

"Wewe nakujua," alisema. "Wakubwa wote wanakusubiri. Zunguka mlango wa nyuma, ndagala zinapokelewa jikoni."