Nani Asaini Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tano hotelini. Tajiri alisema tunaondoka Ijumaa. Ijumaa akasema Jumamosi. Leo kasema tukae mkao wa kuondoka. Nimekaa. Viatu vinang'aa, begi limefungwa, simu naingia nayo hata bafuni. Mimi ni rubani wa ndege ya mtu mmoja, huyo Tajiri: viti vinane vya ngozi, choo kimoja, na anayekisugua hicho choo ni mimi.

Lakini leo mambo yamegeuka! Barua imeingia kwenye simu. Shirika kubwa la ndege limenikubali. Nijaze fomu na kuisaini kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ratiba ya mwezi mzima mkononi! Wenzangu sita kila safari! Watu wa kula nao!

Ubaya wake: nitaanza upya kama rubani msaidizi, mimi niliyeitwa kapteni miaka tisa. Na huko kila kitu huenda kwa orodha ya waliosaini kwanza. Aliyekutangulia kwa dakika moja amekutangulia hadi mnastaafu. Likizo, safari nzuri, ukapteni, vyote anaanza yeye.

Sijamwambia mtu. Nimwambie nani?

Jumanne, 4 Machi

Kifungua kinywa. Msaidizi wangu meza ya dirishani, mimi meza ya kando ya nguzo. Meza mbili za watu wannewanne, na sisi ni wawili. Miaka miwili tunarusha ndege pamoja, mabega yanakaribia kugusana, na tukishuka kila mtu na meza yake. Sijui nani alianza mtindo huu. Si mimi. Mimi ndiye mkubwa, yeye ndiye wa kuja.

Leo akaja! Hakukaa. Alisimama pale, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba naye amepata barua ya shirika lilelile, jina langu ameliona kati ya waliokubaliwa, na kwamba ingependeza twende pamoja. Kisha akauliza, je, kapteni ameshasaini?

Aha! Nikamwelewa palepale. Anapima nimefika wapi ili anipiku. Nikamjibu kwamba bado natafakari na wala sina haraka. Akasema sawa, akarudi dirishani. Nikamalizia mkate wangu.

Jumatano, 5 Machi

Mpango uko tayari. Barua nitaichapisha, niiache kwenye kiti cha Tajiri katikati ya magazeti yake, kama vile nimeisahau. Ataisoma. Atashtuka. Atanisihi nisiende. Nitajivutavuta, kisha nitakubali kubaki kwa masharti mawili: wikendi mbili za nyumbani kila mwezi, na cheo cha Mkuu wa Marubani. (Tuko wawili. Cheo ni cheo.) Akikataa, nasaini kwenye simu, dakika mbili tu. Pande zote nimeziba.

Tatizo ni Msaidizi. Asinitangulie! Kwa hiyo leo nimemnyima nafasi ya kupumua. Nikamtuma barafu. Aliporudi, nikamtuma maua ya kupamba ndani ya ndege. Kisha akapime upepo wa matairi. Kisha akapime tena, maana lile la mbele halikunipendeza. Hakunung'unika. Jioni alirudi shati limelowa jasho, na la kwanza alilouliza ni kama nimesaini. King'ang'anizi kama huyu sijaona.

Dada alipiga simu. Akauliza kama nimekula. Nimekula. Na nani? Nikasema na wenzangu, tulikuwa wengi, tumecheka mpaka basi. Akashukuru Mungu, akasema huwa ananiwaza nikiwa huko mbali. Nina upweke, niseme tu, shajara haimsimulii mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Tajiri: tunaondoka leo saa nane. Saa nane ilipofika: kesho.

Karani wa mapokezi alinichapishia barua. Akaisoma kidogo, akanipongeza. Ndiye mtu wa kwanza kunipongeza. Nilitaka kumweleza habari yote ya orodha tangu mwanzo, lakini nyuma yangu kulikuwa na watu wenye masanduku.

Msaidizi akatokea kwenye lifti. Nikaisokomeza barua ndani ya shati. Akaniangalia kifuani, akauliza kama naumwa.

Ijumaa, 7 Machi

Ndiyo siku! Safari saa tano. Barua kitini, imetokeza kidogo kwenye magazeti.

Tajiri akiwa bado anapanda ngazi, Msaidizi alinijia mara ya tatu. Safari hii alikuwa na simu mkononi. Je, nimesaini? Akanikumbusha kwamba tukishapaa hatutapata mtandao, na saa sita itatukuta juu. Nikamwambia ashughulike na mlango.

Tajiri akakaa. Nikawa nachungulia kwenye pazia. Akachukua magazeti. Akachukua barua! Akaiweka kwenye meza ndogo, akaigeuza, akaweka kikombe cha kahawa juu yake. Kisha akauliza kwa sauti, dereva, mbona hatuondoki?

Miaka tisa, na bado ananiita dereva.

Nilirusha ndege, simu mfukoni, fomu bado haijasainiwa. Saa sita ilinikuta juu ya mawingu. Niliiona ikifika kwenye saa iliyo mbele yangu. Msaidizi naye aliiona, akageukia dirisha lake. Tulipotua, Tajiri alinirudishia barua ikiwa na duara la kahawa, akaniomba niitupe pamoja na takataka nyingine.

Jumamosi, 8 Machi

Msaidizi ameaga. Alisaini, bila shaka! Tajiri alimruhusu aende leo leo, akamkumbatia, akamwita kwa jina lake. Sikujua kama Tajiri anajua jina la mtu. Mimi nilimpa mkono.

Saa moja baadaye ukaingia ujumbe wake. Anasema fomu yake ilikuwa tayari tangu Jumatatu. Aliishikilia ili mimi nitangulie, kwa sababu alijua sitavumilia kuwa nyuma yake kwenye orodha. Ijumaa alingoja mpaka ngazi inakunjwa ndipo akaituma. Anasikitika. Tena anasema miaka yote miwili alidhani napenda kula kwa utulivu, la sivyo angekaa mezani kwangu tangu siku ya kwanza. Akimaliza mafunzo niende kwao nikale, mkewe ameshasema.

Nimeusoma mara tano. Umeniuma. Nimeosha vikombe vyote vya ndege, hata vilivyokuwa visafi.

Jumapili, 9 Machi

Hoteli nyingine. Tunaondoka kesho, au keshokutwa.

Msaidizi mpya kafika asubuhi. Tajiri kampata kwa simu moja tu. Nilikuwa nakula. Akasimama mezani kwangu na sahani yake, akanisalimu kwa heshima, akauliza kama kiti kile kina mtu. Kwanza nikafurahi. Kisha nikajiuliza, mbona mapema hivi? Huyu ana lake jambo. Nikamwambia nina mambo ya kufikiria. Akaenda kukaa dirishani.

Na kweli nafikiria. Shirika litaajiri tena mwakani, na mpango wa safari hii hauna tundu hata moja: barua nitaiweka juu ya magazeti, na kahawa sitampa.

Ule ujumbe bado sijaujibu. Nitaujibu baada ya wiki mbili hivi. Asije akadhani sina mtu wa kula naye.