Shemeji Anashuka Kutoka Angani kwa Ngazi

Kwako Ndugu Mwamuzi,
Kinyozi na Mwenye Meza,

Natumaini u mzima na mashine zako za kunyolea hazijambo. Mimi ni mzima wa mwili tu, moyoni nimevimba.

Jumamosi, katika ule mchezo wetu wa mezani wa vita vya sayari, wa vijiaskari vya plastiki, kwenye chumba cha nyuma cha saluni yako, shemeji yangu fundi dari alininyang'anya sayari niliyoilinda tangu msimu wa mvua. Tangu siku hiyo hatusalimiani. Mke wangu, ambaye ni dada yake, ananipakulia chakula bila kunitazama usoni. Kwa heshima zote, naomba umfukuze mezani. Sababu ni hizi:

1. Sheria inasema askari wa angani wadondoshwe na mchezaji aliyesimama juu ya stuli. Stuli ndiyo anga. Shemeji alikuja na ngazi ya kazini, akadai yeye anatokea anga za juu zaidi. Nawe ukakubali!

2. Eti askari wake walipita kwenye moto wa mizinga yangu, wakatua, wakaanza kupiga risasi papo hapo. Hakuna aliyetapika. Hakuna aliyepoteza kiatu wala kuangukia choo cha jirani. Mimi nikishuka kwenye basi tu, nahitaji kukaa kwanza.

3. Hapa ndipo uliponiumiza. Uliandika kwa mkono wako kwamba kila askari ashuke na mwavuli. Mimi ni fundi miavuli. Nikawashonea askari wangu wote miavuli midogo ya kitambaa cheusi, yenye vijiti na mpini wa kushikia. Mlicheka mpaka mteja uliyemwacha amenyolewa nusu ya kichwa akaja kuchungulia. Eti mlikusudia ile ya wanajeshi, ya kurukia kutoka kwenye ndege! Sasa nauliza: sayari yenyewe, kwa sheria zako, haina hewa. Huo mwavuli wa mwanajeshi utajaa nini? Wangu walau unazuia jua.

4. Feni ya saluni. Shemeji aliiwasha askari wangu walipokuwa wanadondoka, akaiita upepo wa sayari. Wengine bado wako chini ya kabati lako, pamoja na nywele za watu.

5. Kwa hiyo nadai shemeji mwenyewe apande ngazi yake, aruke na mwavuli wowote anaoutaka, tuone kama atatua akipiga risasi. Akishindwa, kushuka kutoka angani kufutwe, na majeshi yote yaende sayari hadi sayari kwa miguu, kama watu wazima.

Nisalimie mama watoto, wateja wote, na yule wa nusu kichwa. Shemeji usimsalimie.

Ni mimi niliyeonewa,
Fundi Miavuli

Tanbihi: Nilipoleta barua hii nilikuta umetoka, meza iko vilevile na ngazi imesimama. Nikaona nijaribu mwenyewe ili ushahidi ukamilike. Mwavuli uligeuka ndani nje, nami nikatua pale mezani juu ya makao makuu ya shemeji na kuteguka mguu. Hakuna askari wake aliyebaki amesimama. Naomba shambulio hili lihesabiwe. Nilitokea anga za juu zaidi. Aliyenibeba mgongoni hadi zahanati ni shemeji, aliyekuja kuchukua ngazi yake akanikuta chini, akinitukana njia nzima, na nilifurahi mno kuisikia sauti yake. Lile la kumfukuza lifute. Jumamosi tunakuja wote: atatangulia kuleta ngazi, kisha atarudi kunibeba mimi. Ukikiona kiatu changu cha kushoto chini ya kabati, nitunzie.