Nzi Watatu Katika Samli ya Idi

Alhamisi, 2 Julai 2015

Nimerudi kambini kwetu Nakivale kutoka Mbarara nikiwa mtu mpya. Semina ya siku nzima! Mada: biashara ndogo na usimamizi wa ubora kwa njia ya wingu. Watu wa zamani walikuwa wakionja na kunusa. Sisi wa leo tunajaza jedwali kwenye simu. Na hilo jedwali halikai ndani ya simu, linakaa kwenye mashine za mbali huko, mteja wako analifungua popote alipo. Anaona nani amekagua, saa ngapi, kasoro gani imepatikana na imerekebishwaje. Sehemu ya kasoro ilikuja baada ya wali na nyama. Nilisinzia kidogo. Si kitu, kichwa changu kinashika haraka.

Nilipotoka, moja kwa moja dukani kwa Hajati Habibah. Ndiye anayewauzia samli Waislamu wengi wa mjini, na Idi iko karibu. Nikamweleza kwamba akina mama wa ushirika wetu wa mtaa wa Juru wanatengeneza samli safi, na kwamba ubora wake ataufuatilia mwenyewe kwenye simu, amekaa dukani kwake, hana haja ya kukanyaga vumbi. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akasema sawa, ataliangalia hilo jedwali. Likimridhisha, atachukua samli yote ya Idi, na baada ya Idi ataendelea kuchukua kwetu mwaka mzima.

Mwaka mzima! Akina mama hawajawahi kupata mnunuzi wa kudumu, kila wiki ni kubembeleza wapita njia. Nimejipa cheo njiani nikirudi: Mkuu wa Ubora.

Ijumaa, 3 Julai

Mkutano wa ushirika. Cheo changu kimepita bila kura, kwa sababu hakuna aliyeelewa ni kazi gani. Isipokuwa Gatete. Huyu ni katibu wetu, ana sola ya kuchajia simu za mtaa mzima, na kwa ajili hiyo anajiona mhandisi. Alitaka naye aingizwe kwenye jedwali. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akina mama wakasema aingizwe, maana wakimuudhi simu zao zitazimika.

Nimemwingiza kwa roho ngumu. Anaweza kusoma tu, hawezi kuandika chochote. Nimehakikisha mara mbili.

Jumatatu, 6 Julai

Kazi inakwenda vizuri ajabu. Kila asubuhi nasimama mlangoni mwa nyumba ya ushirika, simu mkononi, kalamu sikioni. Ndani akina mama wanasukasuka maziwa kwenye vibuyu, siagi inapikwa, samli inamiminwa vyunguni. Namuuliza Mama Mukashema, kiongozi wao, samli ya leo ikoje. Anajibu: nzuri, imebarikiwa. Namuuliza mke wangu Annonciata, naye anasukasuka humo humo. Anajibu: nzuri, na usogee, unatuzibia mwanga.

Basi napanda kilima nyuma ya kanisa kutafuta mtandao na kujaza. Rangi nzuri. Harufu nzuri. Usafi mzuri. Safu ya kasoro ni nyeupe kabisa kama shuka la hoteli. Kitu kimoja tu kinanichosha macho: vyungu vingine wanaviweka kulia kwa mlango na vingine kushoto, bila mpango wowote. Wanawake na mapambo! Nikipata nafasi nitawafundisha kupanga mstari mmoja.

Jumanne, 7 Julai

Hajati amepiga simu. Alianza kwa kuniita ssebo, yaani bwana, nikadhani ni pongezi.

"Wewe ssebo, samli yako kila siku iko muzuri tu? Mimi nauza samli tangu zamani, na hata yangu inaharibika. Sasa wewe unaficha nini?"

Nikaanza kueleza, akanikata. Mtu asiyeonyesha ubaya wake, alisema, siku moja atamuuzia ubaya huo. Asipoona kasoro ya kweli kufikia mwisho wa wiki, atachukua samli ya watu wa Bwizibwera. Nilikuwa nimeshawatangazia akina mama habari ya mwaka mzima, na Mama Mukashema alikuwa ameshaanza kusema habari za paa la mabati.

Nikashuka mbio kumwomba anipe kasoro. Hata moja. Ndogo. Aliendelea kusukasuka, kibuyu mapajani.

"Maziwa, habaisemake mubaya, Appo. Ikisikia, itaenda kwa bengine."

Wengine wote wakaangalia chini. Najua, najua! Mimi pia nimelelewa hivyo, kule milimani kwetu hata mtoto akimwaga maziwa hakuna anayesema yamemwagika. Lakini kule hatukuwa na jedwali. Nimekaa kilimani mchana kutwa, natembea kwenda na kurudi, mbuzi wa watu wameanza kunizoea.

Alhamisi, 9 Julai

Wao hawawezi kusema. Mimi sijakatazwa kuandika!

Nimeandika unywele mmoja. Jedwali linataka jina la mhusika, na ili nisionekane na upendeleo nimeuweka kwenye chungu cha mke wangu mwenyewe. Marekebisho: umetolewa. Haikupita saa moja Hajati akatuma ujumbe kwamba sasa ninaanza kuongea kama mfanyabiashara. Nimelala usingizi mtamu wa mchana.

Ijumaa, 10 Julai

Nzi mmoja. Marekebisho: ametolewa. Hajati ameshukuru tena. Ndiyo kusema huyu mama anapenda kasoro! Laiti ningejua mapema.

Jumamosi, 11 Julai

Mteja ni mfalme. Leo nimempa nzi watatu, chungu cha Mama Mukashema, kwa sababu jina la kiongozi lina uzito. Nikaona bado ni kidogo. Nikaongeza mbuzi aliyeingiza mdomo. Marekebisho: mbuzi amefukuzwa.

Hajati hajajibu. Nadhani furaha imemzidi.

Jumapili, 12 Julai

Siku mbaya.

Baada ya ibada watu wamesimama nje wanasalimiana. Gatete akatoa simu yake, akakohoa, akasoma. Unywele na mwenye unywele. Nzi na mwenye nzi. Alipofika kwenye mbuzi aliinua sauti ili na waliokuwa bado ndani wasikie. Akamalizia kwa kueleza, taratibu, kwamba haya yako kwenye wingu na Mbarara wanayasoma.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mama Mukashema alijifunga kitenge chake upya, akaondoka, na wengine nyuma yake. Walikwenda nyumba ya ushirika, wakavitundika vibuyu vyote ukutani. Maziwa yakishatukanwa hayasukwi, mpaka aliyeyatukana ayatake radhi. Na Hajati anataka samli yake kabla ya Idi, Ijumaa hii!

Nyumbani Annonciata aliweka chakula mezani, akasimama.

"Miaka yote hii tuko mu kambi, sijakusema kwa mutu. We unaenda kuandika nywele yangu?"

Niliona aibu kweli, aibu ya kukosa pa kuweka mikono. Kwa ajili yangu akina mama watapoteza mnunuzi pekee waliyewahi kumpata. Lazima nirekebishe. Kesho nafuta kila kitu.

Jumatatu, 13 Julai

Mbarara, kwenye duka la intaneti la kijana aitwaye Hamdu, karibu na msikiti. Mashine yake ina kasi kuliko kilima changu. Nikafuta mbuzi. Nikafuta nzi, mmoja mmoja, kwa furaha. Nikafuta unywele wa mke wangu kwa heshima zote. Jedwali likabaki safi kama lilivyozaliwa.

Hamdu, aliyekuwa akinichungulia begani, akaniuliza kama najua kwamba jedwali la wingu halisahau. Akabonyeza sehemu fulani. Mungu wangu! Yote yamo. Kila nzi yupo, na saa aliyoandikwa, na saa aliyofutwa, na jina la aliyemfuta: Appolinaire, Appolinaire, Appolinaire. Akasema hiyo ndiyo faida kubwa ya mfumo huu, mtu hawezi kuchezea kumbukumbu za ubora. Lazima walifundisha hilo baada ya ule wali.

Hajati akapiga simu nikiwa bado nimekaa pale.

"Ssebo, kwa nini unafuta nzi?"

Nikasema wameondoka wenyewe. Akasema kesho anakuja Nakivale kuona kwa macho yake. Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikitafuta ugonjwa wa kuugua kesho.

Jumanne, 14 Julai

Sikuugua. Annonciata alinishika mkono wa shati, tukaenda.

Hajati alifika na gari la kukodi, ushungi mweupe, vumbi hadi kwenye kope. Sikujua atasema nini, nikaanza hotuba ya ukaribisho. Alinipita. Akavua viatu, akaketi mkekani na Mama Mukashema, wakasalimiana kwa Kinyankore, lugha ya wenyeji wa huku, hadi nikadhani ni ndugu. Kumbe watu wa mama yake Hajati ni wafugaji wa Biharwe. Akaviona vibuyu vimetundikwa mchana, akauliza nani amekosa adabu. Wote wakanitazama.

Alikuwa amefunga, kwa hiyo hakuonja. Aliinama tu kwenye chungu cha kulia kwa mlango, akanusa. Akafumba macho. Cha pili, vilevile. Kisha akaenda upande wa kushoto, akanusa, pua yake ikasogea kidogo. Akauliza hivi vya kushoto ni vya nini.

"Ile ni ya kwetu ya nyumbani," alisema Mama Mukashema, akiangalia nje.

Hajati alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na sisi nyumbani mama yangu alikuwa anafanya hivi. Hakuna mtu anasema kitu, lakini mubaya inakaa kando. Hiyo tu ndiyo nilitaka kujua!"

Vyungu vya kushoto! Kila asubuhi kasoro zilikuwa mbele ya macho yangu, zimepangwa, na mimi naziona mapambo.

Wamekubaliana hivi. Kila siku itapigwa picha ya mlango, pande zote mbili, iwekwe kwenye wingu bila neno hata moja. Hajati ataona kulia kuna vingapi na kushoto vingapi, na kama kushoto kunazidi atauliza kuna nini. Atachukua samli ya Idi na ya mwaka mzima. Sharti lake moja: mimi nisiguse jedwali la samli tena. Picha atapiga Gatete.

Gatete!

Na akina mama wakawa na sharti lao. Nimeletewa ugali na samli ya kushoto, nile mbele ya wote na nisifie. Ilikuwa na moshi, na nyuma ya moshi kitu kingine ambacho sitakiandika, nimejifunza. Nilimeza yote. Nikasema: nzuri, imebarikiwa. Ndipo Mama Mukashema alipoinuka na kukitungua kibuyu cha kwanza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuonja bidhaa ya ushirika.

Jumamosi, 18 Julai

Idi imepita. Hajati ametutumia sinia la pilau, linanukia samli yetu mpaka kwa majirani. Akina mama wanaimba wakisukasuka. Annonciata ameanza tena kunisemesha, tangu jana jioni. Kila mtu anamsifu Mama Mukashema, na Gatete anatembea na ile simu kama msalaba wa askofu. Hakuna anayeuliza: wingu aliwaletea nani?

Siwezi kukaa bure. Nimekaa siku tatu nikifikiri hapa kilimani, na sasa naona kosa lilikuwa wapi. Nilianza na bidhaa isiyosemwa vibaya. Mfumo wa ubora unataka bidhaa ya kawaida. Kwa mfano, chakula cha nyumbani! Nikionyesha matokeo kwa familia moja, familia zote za Nakivale zitanifuata. Nimeshafungua jedwali. Mpishi: Annonciata. Ijumaa, maharage: chumvi imezidi. Jumamosi, sombe ya majani ya muhogo: mchanga. Mchanga wa kweli, sikubuni. Marekebisho: mpishi aelezwe kwa upole.

Ni siri yangu. Kutengeneza faili jipya ni usumbufu, kwa hiyo nimeliweka ndani ya lile la zamani, nyuma kabisa ya samli. Juu ya ukurasa limetokea jina la mtu mwingine anayesoma sasa hivi. Gatete. Lazima ni hitilafu ya mtandao.

Kutoka hapa naiona nyumba yangu vizuri. Yuko mtu amesimama mlangoni, simu mkononi, anatikisika kama mtu anayekohoa kabla ya kusoma. Moshi wa jikoni umekatika.