Lifti ya Mheshimiwa Mtarajiwa

Kemraj Persaud aliingia kwenye ghorofa moja la Scarborough, pembezoni mwa Toronto, kukwepa mvua tu. Hakuwa na nia mbaya na mtu. Nia mbaya ilimkuta humohumo ndani.

Alisikia vishindo kwenye ngazi, akainua macho, akaona wanaume wanne wakimteremsha mzee aliyeketi kwenye kiti cha jikoni, blanketi magotini, katulia kama bwana harusi. Mbele yao alitangulia bibi mfupi aliyevaa koti la baridi juu ya sari ya kijani, akiwaongoza kwa mwavuli uliofungwa.

"Kushoto! Kushoto, nyie! Huyo ni mtu, si kabati!"

Mzee Kandiah aliishi ghorofa ya kumi na nne, na damu yake ilisafishwa kwa mashine hospitalini mara tatu kwa wiki. Lifti ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Mwenye jengo alikuwa bado analitafakari jambo hilo.

Mtu mwingine angeona huruma. Kemraj, ambaye moyo wake haukuwa mbaya ila ulikuwa na shughuli nyingi, aliona kura. Toronto nzima ilikuwa na homa ya uchaguzi wa jiji; bustani zilikuwa zimeota mabango mengi ya wagombea kuliko maua. Na hapa kuna bibi anasema kushoto, na wanaume wanne wanakwenda kushoto bila kubisha! Mtu wa namna hiyo, alijiambia, hauzwi rejareja.

"Mama," alisema, akimshikia mlango, "humu ndani mko watu wazima wangapi?"

"Mia nne na ushee."

"Ukiwaambia jambo wanasikia?"

Bibi Rasamma alimpima kuanzia viatu vilivyochongoka hadi nywele zilizopakwa mafuta. "Nikisema simameni, wanasimama. Kwani unauza nini, mwanangu?"

"Sijaanza kuuza, Mama. Bado naangalia mali."

Mnunuzi alikuwa Brent Halloran, dalali wa nyumba, ambaye picha yake ilibandikwa kwenye mabenchi yote ya vituo vya basi, hivyo kila asubuhi wananchi walimkalia usoni. Sasa aliutaka udiwani, kwa sababu kulikuwa na korongo moja lenye miti ambalo yeye aliliona lina nafasi nzuri ya nyumba mia mbili. Walikutana kwenye mkahawa wa donati.

"Kura mia nne," alinong'ona Kemraj. "Zote chini ya mwavuli mmoja."

"Nitajuaje kwamba hunipigi changa la macho?"

"Mheshimiwa..." Kemraj aliliacha neno lishuke vizuri. Lilishuka kama supu ya moto. "Mheshimiwa, nipe robo ya malipo sasa. Robo tatu unanipa baada ya matokeo. Ukishindwa, basi, hunidai sikudai."

"Robo chukua. Lakini kabla ya siku ya kura nione mabango yangu kwenye roshani zao. Zote!"

Tapeli mwenye akili timamu angechukua ile robo akapanda ndege kwenda kuota jua kwa mjomba wake Guyana. Lakini robo tatu ina harufu yake, na Kemraj alikuwa na pua nzuri.

Bibi Rasamma alimkaribisha chai na bajia za dengu, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mabango tutatundika," alisema. "Lifti ikipanda, bango linatundikwa."

"Mama, lifti ni ya mwenye jengo!"

"Na mabango ni ya nani?"

Kemraj alicheka. Bibi hakucheka. Alimsogezea bajia nyingine.

Mwenye jengo, aliposikia kwamba kuna mtu anataka kulipa, alimaliza kutafakari siku hiyohiyo. Fundi alifungua mtambo, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Ile robo ikaisha. Kemraj akauza gari lake jekundu, lililokuwa mke na mtoto kwake, akijipa moyo kwamba mpanzi halii mbegu.

Lifti ilipopona, Mzee Kandiah alikuwa abiria wa kwanza. Alipanda, akashuka, akapanda tena, akakataa kutoka. Jioni ile meno ya Brent yaliangaza kwenye roshani zote, mpaka njiwa wakahama. Brent mwenyewe aliegesha gari ng'ambo ya barabara, akatokwa machozi.

Siku ya kupiga kura, Kemraj alituma mabasi matatu ya kukodi yawachukue wapiga kura wake, kisha akaenda kusimama kwenye lango la shule iliyokuwa kituo. Alisimama mpaka masikio yakafa ganzi. Basi hata moja halikutokea. Akapiga simu.

"Mama, mko wapi?"

"Hekaluni, mwanangu, kwa mabasi yako! Mungu akubariki. Wengine walikuwa hawajafika huku tangu lifti ife."

"Hekaluni? Na kura?"

"Kura gani?"

"Za kumchagua Brent!"

Nyuma ya sauti ya Bibi kengele za hekalu zililia kwa furaha isiyomhusu Kemraj.

"Sisi tutapigaje?" alisema Bibi. "Kura ni ya raia. Mimi niko kwa viza ya kutembelea wanangu. Kandiah anasubiri karatasi zake. Nusu ya watu wa jengo letu hawajamaliza hata baridi mbili nchi hii. Wewe uliniuliza watu wazima. Nikakuhesabia watu wazima."

"Na mabango je?"

"Uliomba tutundike, tukatundika. Kutundika hakuhitaji uraia."

"Raia hakuna hata mmoja?"

"Wapo kama thelathini. Hao siwezi kuwasemea. Kura ni siri, mwanangu, na kuinunua ni kosa. Hukujua?"

Brent alibwagwa na mwalimu mstaafu wa kuteleza kwenye barafu, mama aliyeahidi kutoligusa lile korongo. Usiku huo alimpigia Kemraj, akamtukana, akaapa kumpeleka polisi.

"Twende wote," alijibu Kemraj kwa uchovu. "Utaanza wewe kueleza, au nianze mimi?"

Simu ikakatika.

Kesho yake alikwenda kwa Bibi Rasamma akiwa amebeba maneno makali, ameyapanga vizuri njia nzima. Ndani ya lifti alimkuta Mzee Kandiah, anatoka hospitali, peke yake, bila wabebaji.

"Wewe ndiye kijana wa lifti?" aliuliza mzee, akamshika mkono, asimwachie mpaka ghorofa ya kumi na nne.

Kemraj alifika mlangoni kwa Bibi bila neno hata moja. Bibi alimketisha, akampakulia wali na mchuzi wa samaki, akamtazama akila.

"Mwakani kuna uchaguzi wa jimbo," alisema.

"Mama, tafadhali. Niache."

"Mtambo wa maji ya moto umeanza kukohoa. Huna mheshimiwa mwingine?"

Kemraj aliacha kutafuna. Akafikiri. Akaendelea kutafuna, safari hii polepole.

"Ninao wawili," alisema. "Lakini sina gari, niliuza."

"Njoo kwa miguu," alisema Bibi Rasamma, akimwongezea mchuzi. "Lifti ipo."