Kuhusu Minyoo Iliyoahirisha Harusi Yangu

Soni, Wilaya ya Lushoto
Tarehe 9 Juni, 1953

Kwa Bwana Shamba, Lushoto

Bwana Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote. Ukiuliza hali yangu, mimi ni mzima. Harusi yangu ndiyo mgonjwa, na aliyeiambukiza ni wewe.

Utakumbuka baraza lako la hapa Soni, ulipotuonyesha chupa mbili za minyoo midogo myeupe uliyoichimba katika matuta yetu ya viazi. Ulisema inafanana kabisa, lakini ni ya aina mbili, na anayetaka kuitofautisha asitazame rangi, kwani rangi hudanganya. Ahesabu vinywele vyake kwa hadubini. Tulikupigia makofi kwa adabu. Sasa pokea malalamiko.

1. Mzee Rajabu, baba wa mchumba wangu Mwanamisi, alikaa mstari wa mbele. Tangu siku hiyo hayaamini macho yake. Juzi alimpelekea jirani mbuzi wake mwenyewe, akihofu kwamba huenda anafanana tu na wa kwake. Jirani alimpokea bila swali.

2. Nina binamu, Abdi wa Mazinde, tunayefanana naye sana. Huyo aliwahi kuposa, akala karamu, kisha akatoweka na paja la mbuzi. Mzee Rajabu anasema hana hakika anamwoza binti yake kwangu mimi Kibwana au kwa Abdi. Nikamwonyesha kovu langu la goti. Akajibu kuwa hata makovu hufanana.

3. Ameahirisha harusi mpaka uje na hadubini unihesabu vinywele. Mimi, Bwana Shamba, mbele ya wakwe.

4. Tofauti isiyoonekana kwa macho ina faida gani? Viazi havijalalamika. Mimi sikusoma sana, lakini Mwanamisi wangu namtambua katika ukungu, akiwa ng'ambo ya soko, tena amenipa mgongo. Nampenda, na kumkosa sitaweza.

Kwa hiyo naomba uitishe baraza jingine, umimine chupa zote mbili katika sahani moja, utangaze kuwa mnyoo ni mnyoo. Ukiona haya, sema ulikosea kuhesabu.

Nisalimie mama watoto, karani wako Nikodemo, na minyoo yote bila ubaguzi.

Mimi niliyedhulumiwa na elimu,
Kibwana Shemweta

Nyongeza: Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Tafadhali usiitishe baraza. Nikiwa njiani kwenda posta nilimkuta Mwanamisi sokoni akiuza karoti, amevaa kanga nyekundu niliyompelekea. Nikamweleza mapenzi yangu yote, mpaka majina ya watoto wetu. Alinisikiliza hadi mwisho, ndipo akasema yeye ni Mwajuma, mdogo wake, na kanga ameiazima. Mwanamisi alikuwa meza ya pili, ananitazama. Njoo na hadubini upesi. Na kabla hujafika, nijulishe jambo moja: mtu akishaacha kutazama rangi, anaanzia wapi?